Mjomba, yule jamaa wa kwenye mvua ana nini?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu zile sinema za dansi za Hollywood za miaka ya 1930 mpaka 1950, nikasema nazipenda, nikapita. Kumbe nimechokoza watu. Barua zimekuja nyingi, zingine za kunipongeza zingine za kunipinga, nimechagua chache nizijibu vizuri manake hili ni jambo ninalolipenda kwa moyo wote.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa miaka 21 niko Morogoro, nacheza kwenye kundi letu, amapiano na singeli, huwa tunapost. Juzi nimekutana na kipande cha mzungu anacheza kwenye mvua na mwamvuli, nikadhani nitapita tu ila nimekirudia kama mara kumi. Bibi ndo kaniambia ni sinema ya zamani. Sasa kwanini kinanivuta hivi? Maana step zenyewe si ngumu kihivyo, mbona hata mimi naziweza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hebu kirudie mara ya kumi na moja, ila safari hii usimtazame usoni, tazama miguu, afu tazama na kingo za picha. Utagundua kwamba karibu muda wote unamuona jamaa mzima mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Hakatwi kiunoni, wala picha hairuki ghafla kwenye sura afu kisigino afu taa afu sura tena. Yeye anacheza na wewe unamuona anacheza. Kwangu mimi uzuri wote uko hapo, na karibu kila nitakachojibu leo kinatokea hapo hapo.

Aliyelipigania jambo hili kuliko wote ni Fred Astaire, mzaliwa wa Omaha, Nebraska, mwaka 1899. Alipoanza sinema mwaka 1933 alikuwa na miaka 34, nywele zimeshaanza kumtoka, na maisha yake yote yalikuwa ya jukwaani, New York na London, akicheza na dada yake Adele, ambaye watu wengi walimuona ndo mkali kuliko yeye. Sasa jukwaani huna pa kumficha mtu mguu, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anakuona mzima. Astaire akataka sinema iwe vile vile, mwili wote uonekane na dansi ikatwe mara chache iwezekanavyo, kwahiyo kamera ikawa inapandishwa kwenye kigari cha chini kinachosukumwa sambamba na wachezaji, wakienda kushoto nayo inaenda kushoto, wakirudi inarudi. Mwaka huo huo wa 1933 kulikuwa na mtu mwingine fundi sana, Busby Berkeley, yeye alikuwa anapandisha kamera juu darini afu wasichana wengi wanajipanga chini wanafunguka na kufunga kama ua. Inapendeza, siibezi hata kidogo, lakini pale anayecheza ni kamera. Kwa Astaire anayecheza ni mtu.

Na ukishakubali kuonekana mzima bila kukatwa, basi kosa moja dogo mwishoni linaharibu kila kitu, mnarudi mwanzo. Hapo ndo kazi ilipo. Mwaka 1936 kwenye Swing Time kuna dansi ya mwisho ya Astaire na Ginger Rogers, wanaagana, wanapanda ngazi wanazunguka zunguka, ile dansi ilirudiwa mara 47 mpaka miguu ya Ginger ikatoka damu ndani ya viatu. Ukiiangalia leo damu huioni, unachokiona ni watu wawili wasiotaka kuachana.

Sasa tuje kwa wa mvua. Yule ni Gene Kelly, sinema ni Singin' in the Rain ya mwaka 1952. Umesema step unaziweza na nakuamini, wewe ni mchezaji, ila kumbuka Kelly alikulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, na mtindo wake ulikuwa huo, dansi ionekane ya mtu wa kawaida anayetembea barabarani akapatwa na furaha. Kuifanya ionekane rahisi ndo ugumu wenyewe. Siku ile alikuwa na homa kali, zaidi ya nyuzi 39. Yale madimbwi anayoyapiga teke hayakutokea tu, yalichimbwa pale pale anapotakiwa kukanyaga kwa mujibu wa mpangilio wa dansi, kwahiyo huku anaumwa, kalowa, suti ya sufu inazidi kuwa nzito, na bado kila hatua lazima itue kwenye dimbwi lake. Utasikia watu wanasema eti maji yalichanganywa na maziwa ili mvua ionekane, si kweli, ni ufundi wa taa, zilipangwa nyuma ya mvua zikawa zinaimulika kutokea huko. Afu angalia mwisho wake, polisi anamtokea, jamaa anapoa kama mtoto aliyekamatwa na mwalimu, anaondoka zake na mwamvuli anampa mpita njia. Mwanangu, wewe unayecheza mbele ya simu, jaribuni kundi lenu kusimamisha simu mahali pamoja, mwonekane wote kuanzia kichwani mpaka chini, wimbo mzima, bila kukata. Mtajua kitu kuhusu miguu yenu ambacho hamkukijua.

SWALI: Mjomba salamu kutoka Mombasa. Nasema kweli, mimi filamu hizi zanichosha. Hadithi ni ile ile, kijana aona msichana, wagombana kwa kutoelewana kidogo tu, waimba, wapatana. Na mtu yuaongea vizuri kisha ghafla aanza kuimba, nani aishi hivyo?

JIBU: Wa alaikum salamu kaka, na nakushukuru kwa kusema unachokiona. Kuhusu hadithi nakubaliana nawe kabisa, hadithi nyingi ni nyepesi, Top Hat ya 1935 yote imesimama juu ya mwanamke kumdhania mwanaume ni mume wa rafiki yake, ukimuuliza jina tu mambo yamekwisha. Ila hilo la kuimba ghafla nitakubishia. Mombasa, Unguja, Dar, wazee wetu walikuwa wanapanga foleni kwa picha za Kihindi ambazo mtu anaimba mlimani, anaimba kwenye treni, na hakuna aliyenyanyuka kuuliza nani anaishi hivyo, watu walitoka ukumbini wanaimba nyimbo za lugha wasiyoijua. Na kwetu nyumbani je, mwanamke mwenye lake moyoni anaweza asilitamke mwaka mzima, siku ya taarabu akanyanyuka na noti mkononi akaenda kutunza ubeti mmoja tu, na ukumbi mzima ukamuelewa. Maneno yakifika mwisho wimbo unachukua, na wimbo ukifika mwisho mwili unachukua.

Kwenye sinema za Astaire na Rogers, kubusiana ni nadra mno. Mapenzi yote yamewekwa kwenye dansi. Chukua The Gay Divorcee ya 1934, kuna dansi ya wimbo Night and Day. Mwanamke anataka kuondoka, anageuka aende, mwanaume anamzuia njia, si kwa nguvu, kwa hatua. Anaenda upande huu anamkuta, upande ule anamkuta, mara anajibu hatua moja, mara mbili, halafu hatujui saa ngapi wamekuwa wanacheza pamoja. Mwisho anamkalisha kwenye kochi taratibu, mwanamke ameduwaa, na yeye anamkaribisha sigara kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna aliyesema nakupenda kaka yangu. Lakini mwanzoni mwa ule wimbo mwanamke hampendi na mwishoni anampenda, na umeona kwa macho yako badiliko likipita mwilini mwake, kwenye mabega, kwenye mgongo, kwenye mkono unaoacha kusukuma. Mimi sijaona maongezi ya sinema yanayofanya hivyo kwa dakika chache vile.

Marehemu baba alikuwa mtu wa dansi, dansi ile ya bendi, suruali imenyooshwa mpaka mstari unakata, Jumamosi mchana viatu viko kibarazani vinapigwa rangi. Hakuwa mtu wa kuongea. Ila alipomshika mama mkono sebuleni redio ikiwa inapiga, sisi watoto tulijua siku hiyo nyumbani kuna amani. Nilipoiona ile Night and Day mara ya kwanza nilimkumbuka yeye, nikaelewa kwamba nilishawahi kuiona.

Na jambo jingine, usisahau zilitoka wakati gani. Mwaka 1933 Marekani karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na RKO yenyewe, studio iliyotengeneza picha hizo, ilikuwa imefilisika iko chini ya mfilisi. Watu walikuwa wanatoa senti zao kuona sakafu inayong'aa na watu wawili wasio na wasiwasi kwa saa moja na nusu. Hadithi nzito walikuwa nayo nyumbani.

SWALI: Mwalimu mstaafu, Kigoma. Ndugu mwandishi, unasifia sana, lakini dansi ile ya kugonga viatu si ya mtu mweusi? Mbona mastaa wote uliowahi kuwataja ni weupe?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Ni kweli, na nakushukuru kwa kuuliza manake bila hili habari yote inakuwa nusu.

Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, uasi wa Stono, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwabana, ngoma zikapigwa marufuku kwasababu mabwana waliogopa watumwa wanaitana kwa ngoma. Ngoma ikichukuliwa, mdundo unahamia kwenye viganja, mapaja na nyayo. Baadae mitaani New York watu weusi na wahamiaji wa Ireland wakakutana, maskini kwa maskini, Waireland nao wana dansi yao ya miguu, wakashindana, wakaibiana, na katikati ya karne ya 19 kijana mweusi William Henry Lane, jina la jukwaani Master Juba, akawa anatajwa kama mchezaji mkali kuliko wote. Kutoka hapo ndo unafika kwa Bill Robinson, aliyezaliwa Richmond, Virginia, 1878, bwana wa kucheza kwenye ngazi, kila ngazi anaitolea sauti yake kama marimba. Mwaka 1935 alicheza ngazini na mtoto Shirley Temple kwenye The Little Colonel, mweusi na mweupe wanacheza pamoja, jambo ambalo Hollywood haikuwa imezoea. Ila yeye mle ni mtumishi wa nyumba. Amevaa sare.

Halafu kuna ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wazazi wao walikuwa wanamuziki kwenye ukumbi mmoja Philadelphia, Fayard akiwa mtoto anakaa mbele anaangalia wachezaji, akirudi nyumbani anafanya, afu anamfundisha mdogo wake. Shule ya dansi hawakwenda. Wakafika Cotton Club kule Harlem, mtaa wa watu weusi New York, wakiwa bado watoto, ukumbi ambao waliokuwa jukwaani ni weusi na waliokaa kwenye meza ni weupe. Mwalimu, kama una mtu wa kukuwekea kwenye simu, mwambie akutafutie Stormy Weather ya 1943, pale mwisho wanapocheza na bendi ya Cab Calloway. Wanaruka juu ya vimeza vya wanamuziki, wanakuja kwenye ngazi kubwa, mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenzake anatua kwa msamba kwenye ngazi ya chini, anayefuata anamruka anatua kwa msamba chini yake, hivyo hivyo mpaka chini, suti na tai, na kila msamba wanainuka bila kushika sakafu kwa mkono. Unawaona wazima, hakuna kificho. Wenyewe walikuja kusema ilichukuliwa mara moja tu. Mi nimeangalia dansi nyingi na hiyo naiweka juu ya zote, juu ya Astaire, juu ya Kelly, na Astaire mwenyewe aliwaambia ni kubwa kuliko zote alizowahi kuona.

Sasa sikia uchungu wake. Sinema nyingi walizoingia, dansi yao iliwekwa peke yake, haigusani na hadithi, ili majimbo ya kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali, yakitaka waikate watazamaji wasigundue kuna kitu kimetoka. Mwaka 1948 Gene Kelly alicheza nao kwenye The Pirate, na kuna miji ya kusini iliikata. Watu waliokuwa na miguu ile hawakupewa hata hadithi moja nyepesi ya kugombana na kupatana kama wenzao. Heshima ya Kennedy Center, tuzo kubwa ya wasanii kule Marekani, waliipata 1991, Fayard ana miaka 77. Na Astaire ninayemsifia, mwaka 1936 kwenye hiyo hiyo Swing Time alijipaka rangi nyeusi usoni kwa dansi ya kumuenzi Bill Robinson. Dansi ile ina vivuli vitatu nyuma yake, ni ufundi wa ajabu, na kila nikifika pale moyo unaingia giza. Kumuenzi mtu kungekuwa kumuita aje acheze. Sitakwambia ufumbe macho Mwalimu, mi nayaacha wazi kwa yote mawili.

SWALI: Anko, kwanini sifa zote ni za wanaume? (Dada, Arusha)

JIBU: Una haki dada. Kuna ule usemi kwamba Ginger alifanya kila alichofanya Astaire ila yeye kinyumenyume na viatu virefu, ulitoka kwa mchora katuni mmoja mwaka 1982 na mi nauona ni ukweli mtupu. Walicheza pamoja sinema 10. Kwenye Top Hat aling'ang'ania avae gauni lake la manyoya ya mbuni ambalo wengine hawakulitaka, yakawa yanapeperuka kila akizunguka, yanamwingia Astaire machoni na puani, mpaka akapandisha hasira. Ila angalia kilichobaki kwenye picha. Lile gauni linacheza nusu ya dansi, akisimama lenyewe linaendelea kidogo. Ginger alikuwa sahihi. Na kingine anachokifanya yeye ambacho wengi hawakuweza, huku anacheza anaigiza, uso wake unakwambia ndo kwanza anagundua anampenda huyu mtu, wakati hatua zile amezifanyia mazoezi wiki nyingi.

Mtafute pia Eleanor Powell kwenye Broadway Melody of 1940, anagonga viatu na Astaire sako kwa bako na hapitwi hata sekunde. Na Debbie Reynolds wa Singin' in the Rain, binti wa miaka 19 ambaye hakuwa mchezaji, alijifunza kwa miezi michache asimame katikati ya Kelly na Donald O'Connor, naye miguu ilitoka damu. Akilini mwangu yule ndo shujaa wa sinema ile.

SWALI: Mjomba, ile ya kucheza ukutani na darini walifanyaje bila kompyuta? Na sauti ya viatu ni ya kweli? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ya darini ni Royal Wedding ya 1951. Chumba kizima kilijengwa ndani ya kitu kama pipa kubwa linalozunguka, fanicha zimefungwa zisidondoke, na kamera pamoja na mpiga picha wamefungwa humo humo wanazunguka na chumba. Kwahiyo muda wote Astaire yuko chini kwenye sakafu, chumba ndo kinageuka, na yeye inabidi ahamie ukutani sekunde ile ile ukuta unapokuwa sakafu, akichelewa anaanguka.

Viatu vina vibati vya chuma mbele na kisiginoni. Ila sauti unayoisikia mara nyingi ilirekodiwa baadae, mchezaji anarudi studio anaangalia picha yake na kupiga miguu upya ifuate. Hapo sikio linasaidiwa, nakubali. Jicho halisaidiwi.

SWALI: Ni kweli Michael Jackson aliiga kwao?

JIBU: Alijifunza kwao na hakuficha, kitabu chake cha 1988 alimtunukia Fred Astaire. Video ya Smooth Criminal, ile suti nyeupe na kofia na ule ukumbi wa wahuni, weka pembeni yake The Band Wagon ya 1953 utaona mwenyewe. Na kule kuteleza kurudi nyuma, Bill Bailey alishafanya kwenye Cabin in the Sky ya 1943, mtu mweusi wa kugonga viatu ambaye leo wachache wanamjua.

SWALI: Mjomba, mimi niko Maskati, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 12, nataka niwawekee moja Ijumaa. Nianze na ipi?

JIBU: Anza na Singin' in the Rain, inachekesha, ina rangi, ni saa moja na dakika 43, na hadithi yake ni ya kweli kidogo, studio zinahangaika pale sinema zilipoanza kutoa sauti miaka ya mwishoni mwa 1920. Wadogo watampenda Donald O'Connor anayepanda ukuta kwa miguu na kupinduka. Ijumaa ya pili weka Stormy Weather, ni fupi, na kabla hujaiweka wape kidogo yale niliyomwandikia Mwalimu wa Kigoma, huyo wa miaka 12 ataelewa. Top Hat iache ya tatu, ni nyeusi na nyeupe na kuna maongezi mengi mwanzoni, wakianza kuhangaika usiiruke mbele, waambie wasubiri gauni la manyoya. Na usiwawekee kwenye simu ndugu yangu, weka kwenye skrini kubwa uliyonayo, manake kwenye simu miguu inakuwa midogo mno.